Fundi Rangi Aliyebaki Juujuu

Fundi rangi alianguka asubuhi, akiwa amebakiza dirisha la mwisho la duka la mikate. Ngazi ilikuwa ya mwenye duka, na kipandio chake kimoja kilikuwa kimefungwa kamba. Mkewe, aliyekuwa kamletea chai, alipiga ukelele kwamba wamnyanyue.

Wanaume wanne waliacha shughuli zao wakaja mbio: kinyozi, fundi viatu, mwashi, na mpita njia mmoja aliyekuwa na haraka zake. Huyu alishika mguu, yule bega, kinyozi akashika kichwa. Wakamnyanyua kwa moyo mmoja. Shingo ikalia kama kijiti kikavu.

Walipotaka kumlaza kwenye pikapu, hakushuka. Walitoa mikono, naye akabaki pale pale, usawa wa vifua vyao, akitazama mawingu. Ikabidi wamshike shati na dereva aende polepole.

Hospitalini muuguzi alimpima bila kuinama. Akauliza ni nani aliyewaambia wamnyanyue. Shingo ilikuwa imepata ufa tu, alisema. Wangemwacha alale bila kumtikisa, angetembea. Sasa kuanzia mabegani kwenda chini hakuna kitu. Wanaume wakatazama mikono yao. Mke akatazama sakafu.

Nyumbani alimfunga mumewe kwenye nondo ya dirisha, asisukumwe na upepo wa mlangoni. Kulikuwa na nafuu zake: chini yake palifagika vizuri, na vidonda vya kulala havikumpata. Mke alimlisha na kumwogesha, ila kichwa hakukigusa. Kichwa alimwachia kinyozi, aliyevuka barabara kila Jumamosi na mashine yake.

"Shemeji, huyu ndiye mteja pekee asiyeniumiza kiuno," kinyozi alisema, na fundi rangi akacheka mpaka akayumba.

Mke alimshukuru Mungu kwa kicheko hicho. Alikuwa ameshaweka nadhiri mbele Yake kwamba hatamshika tena mtu aliyepatwa na jambo, wala hatamwambia mwingine amshike. Majirani nao walisema hivyo hivyo, bila nadhiri.

Kisha kinyozi, akila mkate mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea, akakwamwa na tonge. Alisimama, mikono kooni. Watu walijaa upesi wakamzunguka. Mwashi akasema wasije wakamharibu. Fundi viatu akasema muuguzi kashaitwa. Mke alikuwa mbele kabisa, viganja kavibana kwapani, akisali.

"Mpigeni mgongoni!" fundi rangi aliita kutoka dirishani. Sauti ndiyo aliyokuwa amebakiwa nayo, na mke aliisikia vizuri.

Kinyozi alimtazama mke huyo, si wengine. Akapiga magoti, kisha akalala. Hakuna aliyemgusa, kwa hiyo alibaki chini.

Muuguzi alipofika aliwauliza kwa nini hawakumpiga hata makofi mgongoni, jambo ambalo mtoto angeliweza.

"Yule tulimshika, ukatusema," mke alisema. "Huyu hatukumshika, unatusema. Dada, tungejulia wapi?"

Muuguzi alifikiri kidogo. Akasema mafunzo yapo, lakini ni ya wafanyakazi wa hospitali. Akamfunika kinyozi uso, akarudi kazini.

Nywele za fundi rangi ziliendelea kuota, zikining'inia kuelekea sakafuni, mpaka zikawa zinafagia alipokwisha kufagia mkewe. Siku moja mke akaleta kigoda, akakaa chini ya kichwa kile na mkasi. Ng'ambo ya barabara fundi mwingine alikuwa amepanda ngazi ile ile kumalizia dirisha. Kamba ilikuwa mpya. Watu walipita chini yake, mikono mifukoni.

"Mimi sijajifunza kunyoa," mke alisema.

"Najua, mke wangu. Shika kichwa."

Mikono aliinyanyua. Ikakaa hewani, kando ya masikio yote mawili ya mumewe, na haikushuka.