Maelezo ya Jana

Kompyuta ya wodi ya wanawake ina madharau. Inataka kila kisanduku kijazwe, hata kwa mgonjwa ambaye hali yake ni ya maneno mawili, na ukikawia kidogo kumsikiliza mtu moyo, inakutoa nje na kufuta ulichoandika. Ndiyo maana madaktari wanagenzi wa hospitali moja ya Nakuru wamefundishana njia ya mkato: bonyeza kitufe, maelezo ya jana yaje yote, halafu urekebishe panapohitajika. Shida iko hapo kwa kurekebisha.

Asubuhi hiyo Rumaisa, mmoja wa wanagenzi hao, alikuwa amempima Gogo Jepkemei, bibi mzee kutoka Longonot mwenye ugonjwa wa moyo, akasikia maji yamerudi kifuani. Alimwambia pole, akaahidi kumweleza mkubwa. Alipoketi kuandika, akatolewa nje. Akaingia, akatolewa tena. Akatukana kimoyomoyo, akabonyeza kile kitufe. Angerekebisha baada ya dakika chache. Lakini Daktari Mathenge, bosi wao, akaingia na kundi zima la madaktari wa raundi.

Mathenge alisoma skrini kwa sauti. "Anapumua vizuri. Anatembea mwenyewe." Akatabasamu. "Safi! Gogo, leo unaenda nyumbani."

Rumaisa alifungua mdomo, akaona aibu kukiri. Wenzake walikuwa wanamtazama mkubwa. Gogo alikuwa anamtazama yeye, na uso wa Rumaisa haujui kuficha kitu.

"Ni kweli, daktari," Gogo akasema, pumzi zikikatika. "Huyu msichana amenipima vizuri. Natembea."

Akashusha miguu iliyovimba, akashika ukingo wa kitanda, akasimama. Midomo yake ilianza kubadilika rangi.

"Gogo, keti!" Rumaisa akamdaka mabegani. "Daktari, hawezi kutembea. Kifua kimejaa maji, nilisikia asubuhi. System ilikuwa inanitoa, nika-copy ya jana."

Muuguzi akaleta oksijeni mbio. Rumaisa alisubiri matusi, tena aliyataka, lakini Mathenge hata hakumgeukia. Aliinama karibu na mgonjwa.

"Sasa Gogo, mbona ukasema unatembea?"

Gogo akasogeza barakoa ya oksijeni kando.

"Niliona utamgombeza."

Rumaisa angezabwa kofi mbele ya wodi nzima, angeona afadhali.