Karanga za Mzee Lokule

Tak. Umeme ulikuwa umekatika mtaani Oli, mjini Arua, tangu magharibi, na katika giza la jikoni kitu kidogo kilianguka tena kwenye ungo. Mercy alikuwa ananyonyesha, hakuinuka.

"Karanga nyingine," alimwambia binti yake Kiden. "Iweke na wenzake."

Zilianza kuanguka wiki ile ile ofisi moja ya Koboko ilipoanza kupokea maombi ya viti vya magurudumu kwa njia ya mtandao. Ukipasua ganda unasikia sauti ya mama fulani akitaja jina la mtoto wake, umri na kinachomsumbua. Ndani mna karanga ya kawaida. Mercy alishazionja, zilihitaji chumvi tu.

Fomu ya maombi aliitengeneza yeye, mtoto mchanga mgongoni, kwa ujuzi alioupata katika masomo ya jioni pale Arua. Ilikuwa kazi yake ya kwanza, na kila asubuhi aliishukuru kama mtu anavyoshukuru paa lisilovuja. Sasa mkuu wa ofisi, Adriko, alikuwa amepiga simu.

"Mercy, dada yangu, programu yako hapa nalala njaa. Watu iko nabonyeza, lakini majina hakuna. Kama Ijumaa nafika hivi, viti naenda wilaya ingine."

Umeme uliporudi alifungua laptopu. Visanduku vya fomu vilikuwa sawa. Programu inayopokea ilikuwa macho, inangoja. Basi akalifuata ombi moja njiani. Fomu ilikuwa inatuma kwenye anwani ya zamani, yenye jina la marehemu baba yake, Mzee Lokule, aliyeianzisha ofisi. Adriko ndiye aliyesisitiza anwani hiyo ibaki; kuiondoa aliona ni kumkosea mzee heshima. Kutoka pale seva ililielekeza kila ombi kwenye anwani mpya. Ombi lilifika. Mzigo wake, yaani majina na maelezo, haukufika.

Mercy akacheka peke yake. Nyumbani kwao, mtu hapiti mbele ya mlango wa mzee na mzigo kichwani. Anautua, anasalimia, ndipo anaendelea. Maombi yalikuwa na adabu: yalitua mzigo kwa Lokule, yakasalimia, yakaondoka mikono mitupu. Na Lokule, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuja Oli bila karanga za wajukuu, aliileta mizigo mahali alipojua itatunzwa.

"Asante, Baba," alisema, akiuelekea mlango. "Lakini sasa waache wapite. Watakusalimia wakirudi."

Nje mtu alikohoa kikohozi cha tumbaku, kisha nyayo zikaenda zake.

Akaielekeza fomu moja kwa moja kwenye anwani mpya, akajaribu kwa jina lake. Likafika. Kisha akapasua karanga za kwenye ungo, akiandika upya kila sauti, Kiden akitafuna. Sauti moja ilikuwa ya mkimbizi kutoka Sudan Kusini.

"Mi ni Mama Laku. Mtoto yangu Laku, miguu yake haina nguvu. Nabeba yeye mgongoni mpaka shule, na sasa iko mkubwa. Asante kwa kusikia."

Mercy aliikaza kanga ya mgongoni, akaandika.

Ijumaa viti viligawiwa Koboko. Watoto walishindana uwanjani, wakagongana, wakatukanana kwa furaha, na mama zao wakapiga vigelegele. Mercy alilia kidogo, akajipangusa.

"Majina yote imefika," Adriko alimwambia, akimshika mkono. "Hata ya wakimbizi. Hao iko na awamu yao."

"Lini?"

"Iko nakuja."

Viti vilivyobaki vilifungiwa stoo. Mama Laku alipita pale, mwanawe mgongoni, miguu ya mtoto ikimfika magotini.

"Dada, jina ya mtoto yangu imefika ofisini," alimwambia Mercy. "Mungu akubariki sana."

"Amina, mama," Mercy alijibu, akilitazama kufuli la stoo.

Jioni hiyo Oli, alikuwa anapepeta mtama alipoisikia. Tak. Kiden akaiokota kwenye ungo, akaipasua, akatafuna polepole.

"Laku bado iko nangoja kiti," akasema, akiirudia sauti aliyoisikia ndani ya ganda.