Magauni ya Shule ya Mlimani

Mama ni fundi cherehani, na kipimo chake ni mimi. Akipata sare za wasichana wa rika langu hasumbuki kupima mtu, ananisimamisha mlangoni, ananizungusha, anakata. Huku bondeni kwenye joto sote tumerefuka kama mabua, kwa hiyo hajawahi kukosea.

Basi shule ya mlimani ikampa kazi ya kumjaribu: magauni ya darasa moja. Yakikaa vizuri, anapewa shule nzima. Mama aliitaka hiyo kazi mpaka akawa anaiota.

Tukayapeleka. Gari linaishia darajani, kutoka pale ni miguu yako tu. Mimi nilihema mpaka nikaona nyota. Wasichana watatu wakashuka mbio kutupokea, wakajitwisha mafurushi, wakapanda huku wanapiga soga. Vigimbi vimejaa kama viazi, vifua vipana, na kwa kimo wananifika begani.

Mama akawatazama, akanitazama mimi. Nikajua tumekwisha.

Darasani, wa kwanza kujaribu ni mmoja wa wale watatu, ambaye wenzake wanamwita Kinu. Gauni likafika kifuani likagoma. Huku chini linafagia sakafu.

"Fundi, hili umemshonea ngazi?" Kinu akauliza.

Mama akaninyooshea kidole. "Huyo hapo."

Darasa likaangua kicheko. Nikajificha nyuma ya ubao, ila kichwa kikabaki juu.

"Hawa maji wanayafuata kule chini kila asubuhi," mwalimu mkuu akamwambia Mama, taratibu tu, "na hewa ya huku nyepesi. Kifua kitaacha kupanuka? Wako amekulia tambarare, kwenye jua. Sasa tunafanyaje, mama?"

Kitambaa kilikuwa kimeisha chote.

Mimi macho yalikuwa kwenye lile pindo sakafuni. Nikamnong'oneza Kinu, maana ndiye alikuwa karibu.

"Eti dada ngazi anasema," Kinu akapaza sauti, "urefu uliozidi ukatwe, uwekwe ubavuni."

Mama akapiga magoti, akapima pindo kwa kiganja, akalishikiza ubavuni mwa Kinu. Likatosha.

"Hapa kuna cherehani?"

Ilikuwepo moja, ya darasa la ushonaji, inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Mimi nikafumua, Mama akashona, Kinu akawa anajaribu kila linalotoka na kulitolea maneno. "Hili linanikaba, fundi. Hili sasa ndio gauni."

Jioni mwalimu mkuu akamwambia Kinu ainue mikono. Achuchumae. Akimbie mpaka getini na kurudi. Alirudi hata hahemi, na hakuna uzi uliokatika.

"Haya, fundi," mwalimu mkuu akasema. "Ya shule nzima utaanza lini?"

Mama akaomba kwanza kiti.