Ukuta wa Darasa la Tano

Mvua za vuli zilipoanza, Kemilembe alipanda juu ya kuta za darasa lisilo na paa akazifunika kwa majani makavu ya migomba, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Maji yalikuwa yamekwisha kuila kona moja. Matofali yale mabichi yalifyatuliwa na mumewe, Mwalimu Rugaibula, pamoja na wazazi wa kijiji cha Kaagya, mwaka uliofuata Uhuru, ili watoto wanaomaliza darasa la nne wapate la tano papo hapo kijijini. Homa ikamchukua Mwalimu kabla ya bati la kwanza kupigwa. Alizikwa ndani ya kibanja chake, katikati ya migomba, lakini mjane wake alipotaka kumlilia alikwenda kwenye zile kuta.

Siku hiyo aliteremka akaenda kwenye ghala la chama cha kahawa. Ilikuwa iamuliwe ushuru wa elimu, uliokatwa katika kahawa ya kila mkulima, ufanye kazi gani. Mwenyekiti Karugendo alitaka zitolewe hati za ada: mtoto aliyemaliza la nne aende na hati yake katika shule yoyote ya misheni yenye bweni, chama kilipe. Wengine walitaka mabati. Kemilembe alikwenda kwa ajili ya mabati. Binti yake Klaudia, aliyemaliza la nne mwaka huo, alimfuata.

Mabati yalitajwa kidogo tu. Asubuhi yote iliishia kwenye madhehebu.

"Kahawa ya Mlutheri," alisema Bartholomayo, mzee wa kanisa, "imlipie mtoto wa Mkatoliki akafundishwe rozari na masista wa Muleba? Hapana!"

"Kahawa yote imo kwenye magunia, mzee," Karugendo alijibu. "Ingia uichambue. Punje ya Kilutheri weka huku, ya Kikatoliki weka kule."

Watu waliangua kicheko. Bartholomayo hakucheka, alidai hati zigawanywe nusu kwa nusu. Mtu akauliza mtoto ambaye baba ni Mkatoliki na mama ni Mlutheri ahesabiwe upande gani, na hapo ghala likawaka. Kemilembe aliwatazama mmoja mmoja. Wengi wa hawa walikuwa wameukanyaga udongo wa matofali yale kwa miguu yao wenyewe, wakiimba, bila kuulizana nani anasali wapi.

Alisimama. "Na watakaokosa hati?"

"Mama Klaudia, kaa," alisema shemeji yake Kagaruki. Kahawa aliichuma Kemilembe, aliianika Kemilembe, lakini tangu msiba iliuzwa kwa jina la Kagaruki, na katika chama sauti ilikuwa ya Kagaruki.

"Nimekaa tangu asubuhi, shemeji. Kiuno kimechoka, masikio ndiyo zaidi."

Karugendo alitabasamu. "Usikasirike, mama. Tumekukumbuka. Hati ya kwanza tunampa Klaudia, kwa heshima ya marehemu Mwalimu. Hilo hakuna wa kulipinga hapa."

Makofi yakapigwa. Hata Bartholomayo alipiga. Lilikuwa jambo pekee walilokubaliana siku nzima, na Kagaruki alikuwa ameshainuka kutoa shukrani. Kemilembe aliyaelewa vizuri makofi yale. Baada yake hakuna atakayetaja mabati tena, kwa kuwa aliyekuwa akiyataja ameshalishwa.

"Hatuitaki," alisema.

"Unasemaje?"

"Mpeni mwingine. Mume wangu hakujenga darasa la mtoto mmoja."

"Huyu mwanamke!" Kagaruki alifoka. "Unampokonya mwanao tonge mdomoni?"

Kemilembe alitoka nje. Klaudia alimpita kwenye njia ya mibuni akatangulia mbele, mgongo umemkakamaa.

"Walitaka kuniziba mdomo, Klaudia. Ningefanyaje?"

Binti hakugeuka. "Mama, mabati yakija, atafundisha nani?"

"Serikali italeta mwalimu."

"Kabla ya homa, Tata alisema la tano atalifundisha mwenyewe mpaka waletwe wengine. Sasa hayupo."

Kemilembe alisimama. Muda wote aliopigana na mvua, hakuwahi kujiuliza ni nani atakayeshika chaki. Kila alipoliona darasa lile moyoni, lina paa, lina watoto, Rugaibula alikuwa amesimama ndani yake. Hasira yake kwa wale wanaume ilikuwa bado ya moto na ya haki, ila sasa haikumtosha.

"Nenda nyumbani," alisema. "Umenye ndizi."

Klaudia alikwenda. Kemilembe akajifunga kanga vizuri akageuka kurudi ghalani. Sauti ya Bartholomayo ilisikika mpaka njiani, bado ikidai nusu yake. Mwanzoni alitembea haraka, kisha polepole, maana mlango ulikuwa umekaribia naye hakujua bado ataomba nini, hati ya mwanawe, au paa na mwalimu wa watoto wote.

Mzee mmoja aliyekaa kizingitini alimwona, akakunja miguu ili apite.