Dakika ya Wimbo

Mwanga ulioakisiwa na birika la maji ulikuwa ukicheza darini mwa chumba cha dawa ya kusafishia maji, ukipanuka na kusinyaa kama kitu kinachopumua. Fundi wa dawa aliutazama huku akivaa glavu, akahisi kana kwamba chumba kizima kinaelea. Hakuwa amelala. Alfajiri ile binti yake alikuwa amejifungua katika zahanati ya kilimani, nayo mifereji ya zahanati hiyo ilikuwa mikavu, ikisubiri pampu mpya ya klorini ifungwe na kupimwa.

"Vaa miwani, ajuza wa leo asubuhi," alisema wifi yake, dada wa mumewe, ambaye pia ni mwenzake wa zamu. "Mjukuu asije akapata bibi chongo."

"Nawe ni bibi vilevile, usijifiche nyuma yangu."

Walicheka, kisha wakashika kazi. Ndoo ya maji safi ya kuoshea macho iliwekwa karibu na mlango. Kwanza waliipitishia pampu maji matupu, wakapangusa kila kiungo kwa karatasi kavu wakitafuta uvujaji; karatasi haikulowa. Ndipo walipoiruhusu dawa ipite, wakatoa hewa iliyonaswa kichwani mwa pampu, hata mapigo yake yakawa sawasawa, kama moyo wa mtu aliyelala.

Kilichobaki ni kipimo. Walijaza dawa katika bomba la kioo lenye mistari, wakafunga koki ya pipa la dawa ili pampu inywe kutoka kwenye kioo peke yake kwa dakika moja. Kiasi kitakachopungua ndicho pampu inachotia majini. Saa ya ukutani ilikuwa imekwisha kuliwa na mvuke wa klorini, na simu hazikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Kwa hiyo mawifi hao walikuwa na desturi yao: wimbo wa kubembelezea watoto, ambao ubeti wake na kiitikio, ukiimbwa kikazi, ulimaliza dakika kamili.

Fundi akaimba. Mwanga wa darini ulionekana kutulia ili umsikilize. Dawa ilishuka, ikashuka, na ndani ya kioo aliona, au alidhani ameona, kiganja kidogo kikifumba na kufumbua. Alipofika mwisho akazima pampu. Dawa ilikuwa imeshuka mno.

"Ina nguvu kuliko tulivyodhani," alisema, akipeleka mkono kwenye kitufe cha kipimo. "Tuipunguze, tufungue maji."

Wifi hakusogea. "Wifi, leo hukuimba. Umebembeleza."

"Unasemaje?"

"Kila neno umelivuta kama asali. Ile haikuwa dakika, ilikuwa safari! Ukiipunguza kwa kipimo hicho, dawa itakuwa haba, na vijidudu vitamfikia mtoto kabla yako."

Fundi alikunja uso. "Mwanangu anasubiri maji tangu alfajiri, wewe unanipimia sauti?"

"Ningekuwa adui yako, ningenyamaza."

Alitaka kukasirika, lakini hasira haikupata pa kukaa. Aliyaona maji yakiondoka birikani, yakipanda kilima gizani mwa mabomba, yakitokea kwenye beseni, yakimgusa mtu ambaye hata jina hajapewa. Akaushusha mkono.

"Toka nje ukachukue simu yako," alisema. "Dakika ikianza, gonga mlango. Ikiisha, gonga tena. Mimi nitafumba kinywa."

Wakajaza kioo upya. Mlango ukagongwa, pampu ikanywa, mlango ukagongwa tena. Safari hii dawa ilisimama juu zaidi. Kumbe pampu ilikuwa dhaifu; kitufe kilitakiwa kupandishwa, wala si kushushwa. Wakakipandisha kidogo kidogo, wakipima kila mara, mpaka ikatoa kiasi kilichotakiwa. Ndipo koki kuu ya maji ilipofunguliwa.

Alipofika zahanati, mfereji ulikuwa ukikohoa hewa. Maji yakaja, meupe kwanza, kisha maangavu. Fundi aliyakinga katika kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia klorini, akangoja rangi itulie kwenye kiwango kilicho salama. Akajaza kikombe, akanywa yeye mwenyewe.

"Mama, umechelewa," binti yake alisema kutoka kitandani, mtoto kifuani.

"Nimechelewa, mwanangu," alijibu, akaliweka beseni chini ya mfereji.