Mteja wa Pili

Kabla ya uwanja, mtaa ule ulikuwa mtaa tu. Vyumba vilikaa wazi miezi, madalali walipiga miayo vibarazani, na mpangaji aliyechelewesha kodi alisalimiwa kama kawaida, maana akiondoka yeye, nani angekuja? Kisha ikatangazwa kwamba mashindano makubwa ya mpira yatachezewa pale nyuma ya shule. Yakaja matingatinga, ikaja lami, zikaja taa za barabarani. Watu wakaanza kuzitazama nyumba zao kama mtu anavyomtazama kuku wake wa siku zote akawaza mchuzi.

Aliyefaidi mapema kuliko wote ni dalali mmoja waliyemwita Bei ya Jana. Jina lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Ukimwambia kwamba jirani yako kapanga kwa kiasi fulani, atacheka, atakushika bega: "Ndugu yangu, hiyo bei ya jana. Uwanja huo huuoni?" Na uwanja kweli ulionekana, kila wiki umezidi kurefuka.

Alikuwa na ujanja wake, akiuita mteja wa pili. Mteja wa kweli akiwa ndani, anagonga ukuta, anafungua bomba, anasitasita, ghafla huingia mwanamke mwenye miwani myeusi na mkoba wa ngozi, mbio mbio. "Dalali, hii bado ipo? Naichukua hivyo hivyo. Bei kwangu si tatizo." Wee! Mteja wa kweli hapo jasho linamtoka, analipa hata choo hajakiona. Muuza nyama wa pale njia panda alilipa hivyo. Mwalimu wa nyumba ya kona naye hivyo hivyo, mara mbili ya kodi ya zamani.

Mwanamke wa miwani alikuwa mdogo wake Bei ya Jana, msusi, na ule mkoba aliuazima kwa mtu anayemsuka. Jioni walirudi nyumbani wakisimuliana, wakicheka mpaka mbavu ziwaume.

Na hapo nyumbani, msije mkadhani ni kwao. Dalali aliyepangisha mtaa mzima hakuwa na tofali lake hata moja. Yeye, mdogo wake na mama yao walipanga kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, tangu enzi za kaptura za shule. Upofu ulimkuta mama humo humo. Macho yalipokuwa yanafifia kidogo kidogo, mikono ilikuwa inajifunza: ukuta wenye ufa mpaka jikoni, ukingo wa meza, kitasa, kizingiti kilicholika katikati, kisha uani. Ndani ya nyumba ile mama hakuwa kipofu. Alipika, alifua, alianua nguo kabla mvua haijaanza. Mgeni akijifanya kumshika mkono alisonywa. "Unanishika nini? Mimi mtoto?"

Asubuhi moja Mstaafu akaja kibarazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekuja kikazi." Akaketi, akavua kofia. "Nasikia kuna mama mmoja wa miwani myeusi. Mtaa mzima wanamsema. Habishanii bei, na kila siku anakosa nyumba, maskini. Nataka umlete kwangu."

"Nyumba ipi, mzee?"

Kuuliza tu, maana mzee alikuwa na nyumba ya kupangisha moja. Akaigeuzageuza kofia mkononi. "Hiyo mnayokaa. Usinielewe vibaya, mama yako ni kama dada yangu. Lakini mke wangu anaumwa, dawa hazishikiki, na nyumba za wenzangu zote zimepanda. Yangu tu imelala."

Bei ya Jana, mtu wa maneno, akayapima maneno yake. Akisema huyo mama wa miwani hayupo, amejivua nguo sokoni: kazi imekwisha, na muuza nyama ana visu. Akinyamaza, mama yake anatolewa. Alikaa na hilo siku nzima. Kesho yake akamchukua mdogo wake wakaenda kwa Mstaafu kusema kweli, aibu na iwe aibu.

Walimweleza yote. Msusi akavaa miwani pale pale ili mzee aamini. Mstaafu hakufoka. Alicheka, kisha akauliza polepole.

"Na yule mwalimu wa nyumba ya kona, naye ni dada yako?"

"Hapana, mzee."

"Muuza nyama je?"

"Hapana."

"Na hao wanalipa kweli, kila mwezi?"

"Wanalipa."

"Basi, mwanangu, hiyo ndiyo bei." Akaitazama miwani ile mezani. "Mlisema uongo, watu wakaulipia, ukawa kweli. Mnataka niwe mjinga peke yangu? Mkiweza kulipa kama wao, kaeni hadi mzeeke humo."

Hawakuweza. Dalali hulipwa mara moja tu, kodi ni ya kila mwezi. Walipiga hesabu wakazipiga tena, na hesabu haikuwa na huruma.

Siri haina kabati. Wiki haijaisha muuza nyama akasimama mlangoni na aproni yake. Hakutukana. "Hata choo sikukiona," alisema, akaondoka zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtafuta Bei ya Jana amwonyeshe nyumba.

Siku ya kufunga mizigo mama akauliza, "Kwani huyo mteja anayetutoa ni nani?"

Msusi akaangua kilio, akamwambia. Mama alikuwa anakunja shuka. Akaimaliza, akailaza juu ya nyingine.

"Nilikuwa nawasikia mkicheka," alisema. "Nikawa nafurahi. Nasema, afadhali wanangu wanapatana."



Walihamia mbali, kwenye kodi ya kushikika, ambako lami ilikuwa bado haijafika. Mama akaingizwa akaketishwa kwenye kiti katikati ya chumba, mikono mapajani, hagusi kitu. Kumwona amekaa vile, kama mgeni, kulimuuma Bei ya Jana kuliko aibu yote ya mtaani. Akaanza kusema, ili tu pasiwe kimya, na mdomo ukashika njia yake ya siku zote.

"Hiki ndicho chumba chako, mama. Kikubwa kuliko kile. Jiko liko hapa mkono wa kulia. Uani kuna bomba, majirani ni watu wazuri. Na dirisha hili, mama, asubuhi linaingiza mwanga mzuri sa..."

Msusi, mlangoni na ndoo, akatazama pembeni.

Mama akageuza uso kule sauti ilikokuwa inatoka. "Mwanangu, mimi si mteja wako," alisema. Akanyoosha mkono mbele, juu kidogo, pasipo na mtu. "Nishike, unipeleke chooni."