Mwalimu wa Verandani

Watoto wa Merrin Haddow walikwenda shule kwa miguu kila siku, safari isiyofika dakika mbili. Ikikaribia saa mbili asubuhi walivaa kofia, wakabeba mikoba, wakamuaga mama yao jikoni, wakazunguka tangi la maji na banda la mbwa, kisha wakaingia nyumba ile ile kwa mlango wa verandani. Humo walimkuta mwalimu. Alikuwa Merrin huyo huyo, ila kavua aproni, kafunga nywele na kuvaa blauzi ya buluu, na ole wake ambaye angemwita Mama.

Msidhani alikuwa amerukwa na akili. Mwaka wa kwanza aliwafundishia kwenye meza ya jikoni, ikawa balaa tupu: huyu analilia biskuti, yule kalala chini anagoma hesabu. Jirani yake wa karibu, wa kilomita sitini, alimshauri kwa simu awatoe nje kisha awaingize upya. Alijaribu Jumatatu, na kufikia Jumatano walikuwa wananyoosha mikono kama watoto wa watu. Sheria ikawa moja: ya jikoni hayaingii darasani, na ya darasani hayatoki.

Lachie, mwenye miaka minane, aliyemtangulia Posy kitinda mimba, ndiye aliyeufaidi mchezo huo kuliko wote. Mchana akirudi alitupa mkoba na kuanza kushtaki.

"Mama, yule mwalimu wetu leo kaamka na kisirani."

"Kafanya nini tena?"

"Kanisimamisha kwenye kona, na aliyemwaga rangi ni Posy."

"Pole, mwanangu. Namjua yule, mkali lakini ana roho nzuri."

"Si umfukuze kazi!"

"Halafu nani mwingine atakubali kuja huku?"

Hilo halikuwa utani. Kutoka shamba lile la ng'ombe hadi mjini ni saa tano kwa gari, na hapo vijito viwe vimekauka. Col, mumewe, alishinda kwenye visima vya mbali, mara nyingine siku nne mfululizo, na akirudi alikula, akavua buti, akasinzia. Merrin alikuwa hajaonana uso kwa uso na mwanamke mwenzake tangu mwezi uliopita.

Sasa kulikuwa na fomu juu ya friji. Bridie, mtoto wake wa kwanza, alikuwa anamaliza darasa la sita, na fomu ilikuwa ya shule ya bweni huko pwani. Angeweza kwenda, au angeweza kuendelea kusoma nyumbani. Ndege ya kuleta na kuchukua barua ilikuwa inakuja Jumanne, na baada ya hiyo nafasi ingempita. Col alisema mtoto aamue mwenyewe. Mtoto alipoulizwa alijibu, "Sawa tu."

"Sawa kwenda, au sawa kubaki?"

"Yoyote, Mama."

Merrin alitaka abaki. Alilitaka hilo mpaka akajionea aibu. Bridie ndiye aliyekuwa mtu wake wa kuongea naye. Wakiosha vyombo walisengenya majirani, wakacheka mpaka sahani zikawaponyoka. Kwa hiyo "yoyote" ile ilimfaa sana, na alishaanza kujiambia kwamba mtoto mwenyewe hana haja ya kwenda.

Jumatatu, Lachie na Posy walitumwa nje kupima kivuli cha tangi kwa futi. Bridie alibaki darasani na insha yake. Mara akanyoosha mkono, na hakuna mwanafunzi mwingine mle ndani.

"Ndiyo, Bridie."

"Mwalimu, nina shida ya nyumbani."

Merrin nusura acheke. Kisha akamtazama usoni, cheko likamwisha.

"Shida gani?"

"Kwanza uniahidi hutamwambia mama."

"Siwezi kumwambia. Ya darasani hayatoki."

"Nataka kwenda bweni," Bridie alisema, na maneno yakamtoka kwa kasi. "Nataka vibaya sana. Nina miaka kumi na moja na sijawahi kuwa na rafiki ambaye si ndugu yangu. Hata kugombana nataka nigombane na mtu mwingine. Nimemchoka Lachie!"

"Mbona mama yako umemwambia 'yoyote'?"

"Nitamwambiaje? Atabaki na nani? Baba haongei, na akiongea ni habari za pampu. Mama anaongea na redio, Mwalimu. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, anamjibu. Nikisema nataka kwenda atasema nenda, halafu ataingia kulia kwenye chumba cha kufulia. Anawasha mashine, anadhani hatumsikii."

Merrin aligeukia ubao, akafuta tarehe, akaiandika upya ile ile.

"Ungekuwa mimi ungefanyaje, Mwalimu?"

Jibu la mama lilikuwa tayari ulimini: ngoja mwaka mmoja, bado mdogo. Lingetosha. Bridie alimwamini mwalimu wake, asingebisha. Merrin alilishika jibu hilo kwa muda mrefu, tusimfanye malaika.

"Ningekwenda," alisema mwishowe. "Mama yako ni mtu mzima. Atajiweza."

"Wewe humjui vizuri," Bridie alisema.

Mchana ule, akiwa na aproni yake, Merrin alikata mkate wa nyama ya chumvi, akawapa watoto, akatia saini fomu mbele yao.

"Utakwenda, Bridie. Nimeamua mimi."

Bridie akamkazia macho. "Mwalimu kakwambia kitu?"

"Mwalimu gani? Mimi na yule hatusemezani."

Bridie alicheka, kisha akaangua kilio mkate ukiwa mdomoni. Lachie akauliza kama anaweza kuchukua chumba cha dada yake. Jumanne ndege ilitua, ikabeba fomu, ikaondoka.

Jumatano masomo yalipokwisha wadogo walitoka mbio. Bridie alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, naomba kitu kimoja."

"Sema."

"Nikishaondoka, uwe unamtembelea mama. Ukae naye jikoni kidogo, umsemeshe. Hata kama hataki."

"Nitamtembelea," alisema Merrin.

Bridie akaridhika, akavaa kofia, akaelekea nyumbani kwa njia ya tangi. Siku zote Merrin alikuwa akipita ndani haraka ili watoto wamkute jikoni, lakini siku hiyo miguu ilimgomea. Aliwasikia wakiingia na kuita, "Mama! Mama, uko wapi?" Alikaa pale kwenye kiti cha mwalimu, na ilimchukua muda kuitika.